Naombeni ushauri: dawa ya viroboto ya paka isiyo ya bei kubwa

Wakuu, habari zenu. Nina paka mama na watoto wake watatu, viroboto wamewazidi. Nikimchana mama kwa kitana cha meno membamba zinatoka chembe nyeusi. Ukiziweka kwenye pamba yenye maji zinageuka nyekundu, damu tupu.

Frontline, ile dawa ya matone ya kudondoshea shingoni, naijua, ila kwa mwezi baada ya mwezi mfuko wangu hauiwezi. Nasikia kilichomo ni fipronil, na zipo za kampuni nyingine zenye dawa hiyohiyo kwa bei nafuu. Aliyewahi kuzitumia kwa paka, zinafanya kazi kweli? Na ile Frontline ya mbwa mkubwa, kuipima kwa bomba la sindano na kuwagawia paka, kuna anayethubutu, au ndiyo rahisi ghali?

Dukani kwenye dawa za mifugo nimepewa ya mbwa yenye permethrin. Nikairudisha palepale, hiyo huua paka.

Watoto wana wiki tano tu, na maelezo ya Frontline yanakataza chini ya wiki nane. Hao niwasaidieje kwa sasa, zaidi ya kitana? Na zulia mnalipulizia nini?