Ushauri: Nimeitwa kazi ya ulinzi kampuni ya teknolojia ya kijeshi Virginia, na kaka yangu ni askari wa JWTZ

Pwani_Tanga:
Wakuu, salaam. Nipo kaskazini mwa Virginia, nilikuja kwa bahati nasibu ya grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu. Tangu nifike nalinda ghala la mizigo, shifti ya usiku. Kadi ya ulinzi ya jimbo ninayo, sina kesi yoyote.

Sasa nimeitwa na kampuni inayotengeneza droni na programu za jeshi la Marekani. Kazi ni mapokezi, beji, kamera, doria ya majengo na kusindikiza wageni. Mshahara unazidi wa sasa kwa mbali, bima ya afya ipo, na ni shifti ya mchana, maana yake jioni nitakuwa nyumbani na wanangu.

Kinachonitoa usingizi ni barua pepe ya dada wa ajira. Anasema lazima niwe mtu anayekubalika chini ya kanuni za ITAR, na kwamba baadaye huenda nikahitaji kibali cha usalama. Mimi si raia bado. Mama yuko Tanga, namtumia hela kila mwezi. Kaka yangu, tumbo moja, ni askari wa JWTZ. Shemeji yangu ananiambia nisimtaje kaka kabisa, eti Wamarekani watajulia wapi. Mke wangu anasema nibaki nilipo. Jibu linatakiwa Ijumaa. Mwenye kujua naomba mwongozo.

Mlinzi_Mkongwe:
Mkuu, hongera kwanza. Hiyo barua imechanganya mambo mawili, yatenganishe.

ITAR ni kanuni za kuzuia silaha na teknolojia yake zisitoke kwenda kwa wageni bila ruhusa. Raia anaruhusiwa, mwenye grinikadi anaruhusiwa, na mkimbizi aliyepewa hifadhi rasmi pia. Wewe umo, hapo huna tatizo.

Kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, ni habari nyingine. Hicho ni cha raia, na ruhusa chache wanazopewa wasio raia ni za wataalamu adimu, hazifiki kwa mlinzi. Tena huwezi kujiombea mwenyewe. Mwajiri anakudhamini, DCSA, idara ya uchunguzi iliyo chini ya Pentagon, inakuchunguza, na wewe hulipi hata senti. Atakayekudai hela ili "akusukumie" kibali ni tapeli, hata kama ni Mtanzania mwenzetu unayesali naye.

Kwa hiyo muulize huyo dada swali moja tu: lindo nitakalopangiwa linahitaji kibali tangu siku ya kwanza, au grinikadi inatosha? Ajibu kwa maandishi. Usiache kazi ya ghala kabla ya hapo.

Kuhusu kaka yako nasema kwa herufi kubwa: USIMFICHE. Fomu ya SF-86, ambayo utajaza siku ukidhaminiwa kibali, inataka wazazi, ndugu na wakwe, walio hai na waliotangulia. Wasio raia wa Marekani inauliza wanafanya kazi wapi na kama wana uhusiano na jeshi au serikali ya nje. Hata hela unayomtumia mama inaulizwa. Kuwa na kaka mwanajeshi si kosa. Wanachopima ni nchi yenyewe, mnawasiliana kiasi gani, na kama kuna mtu anaweza kukubana kupitia kwake. Kudanganya kwenye fomu ile ndiko jinai, kifungo hadi miaka 5. Shemeji yako hatakaa jela kwa niaba yako.

Binti_wa_Kilifi:
Niongezee hapo, mimi niko idara ya ajira huku Maryland. Siku ya kujaza I-9, fomu ya kuhakiki haki yako ya kufanya kazi, hati ya kuonyesha unachagua wewe kwenye orodha yao. Grinikadi yatosha, wasikulazimishe pasipoti ya Tanzania kwa kisingizio cha ITAR. Mwaka 2023 General Motors walikubali kulipa faini ya dola 365,000 baada ya Wizara ya Sheria kusema walikuwa wakichanganya ukaguzi wa kanuni hizo na uhakiki wa haki ya kufanya kazi, hata wakadai wenye grinikadi walete pasipoti za kwao. Mambo ya kibali cha usalama ni tofauti, hapo uraia unadaiwa kisheria, usipoteze nguvu kubishana.

Na huo uraia usiuchukulie haraka kwa ajili ya mshahara. Sisi Wakenya tangu katiba ya 2010 twashika pasipoti mbili. Ninyi mkiapa huku mwapoteza uraia wa kule, na mambo ya ardhi yanabadilika. Kama una kiwanja, ongea na wakili na uulize ubalozini kuhusu hadhi maalumu ya diaspora kabla hujajaza N-400, fomu ya kuomba uraia. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko kazi yenyewe.

Kijana_wa_Buza:
Swali la pembeni kwa Mkongwe. Kazi yenyewe ikoje? Si ni kukaa getini tu kama kwingine?

Mlinzi_Mkongwe:
Hapana. Ghalani unazuia mali isitoke. Kule unalinda pia nani anaona nini.

Mhandisi anafika asubuhi, mkono mmoja kahawa, mwingine kompyuta, beji kaisahau kwenye gari. Mnajuana, jana mlikula pamoja. Anataka umshikie mlango. Humshikii. Unamwambia kwa upole akaifuate beji, na kesho akija bosi wake unamwambia hivyo hivyo. Wengi wanashindwa hapo, wanaona aibu.

Kwenye vyumba vya siri simu inaachwa nje kwenye visanduku vyenye kufuli, na saa janja pia. Kabati la chuma lina karatasi, SF-702: aliyefungua anaandika tarehe, saa na herufi za jina lake, aliyefunga anaandika, na aliyehakiki baada yake anaandika. Kuhakiki ni kuvuta kila droo kwa mkono. Unajua imefungwa, umeona ikifungwa, bado unavuta, ndipo unaandika. Kama ghalani ulizoea kujaza kitabu cha doria ukiwa umekaa, hiyo tabia iache huko huko.

Abu_Swafaa:
Mimi nauliza lingine. Droni zinaua watu. Umelikalia hilo ukalifikiri, au mshahara umefunika?

Pwani_Tanga:
Nimelifikiri, na nashukuru umeuliza bila kunitukana. Wanachotengeneza pale ni droni za upelelezi na mitambo ya kuzuia droni za adui. Hilo naliweza. Ingekuwa mabomu ningekataa, na nimemwambia hivyo mke wangu.

Mama_Wawili:
Mdogo wangu, angalia madeni. Kadi za benki zilizolala bila kulipwa zinaangusha wengi kwenye uchunguzi kuliko ndugu wa nje. Bangi pia: Virginia imeruhusu watu wazima tangu 2021, lakini kwa serikali kuu bado ni kosa na wanauliza. Na jina la kampuni usiliandike hapa wala Facebook. Umeshaeleza mengi.

Pwani_Tanga:
Asanteni sana. Dada wa ajira amejibu kwa maandishi: nitaanza mapokezi na getini, grinikadi inatosha, kibali ni hadi niwe raia na wao waone haja. Nimekubali, na ghalani nimetoa notisi ya wiki 2. Kaka nimempigia, nimemweleza kuwa siku ikifika jina lake litaandikwa. Amesema niandike tu, ila nimuulize cheo chake kwanza nisije nikakosea.

Mlinzi_Mkongwe:
Safi. Nunua daftari leo hii. Andika kila anwani uliyokaa na kila kazi uliyofanya, fomu inarudi nyuma miaka 10, Tanga ikiwemo. Safari za nje weka na tarehe za kutoka na kurudi. Ukisubiri siku ya kujaza utakuwa unakisia, na mchunguzi atakurudisha kwenye kila tarehe isiyolingana.