Tupeane uzoefu: mlioasili mtoto, mliolea kwa malezi ya kambo, na mliolelewa na wasio wazazi wenu

Mzee wa Nkuhungu (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikirushwa picha ya kichanga kilichookotwa, kwenye maoni watu wanajaa kusema "nipeni mimi nimlee". Uliza wangapi wamewahi kukanyaga ofisi ya Ustawi wa Jamii, kimya. Uzi huu nauomba kwa ajili ya waliokanyaga. Na nyie mliolelewa na watu wasiowazaa, iwe kwa karatasi au kwa maneno tu, njooni pia, maana sisi wengine tunajua taratibu ila matokeo mnayajua nyie.

Naanza mimi. Tulikaa kwenye ndoa bila mtoto, hospitali tumezunguka za kutosha, waganga nao wamekula chao. Wazo la kuasili lilikuwa la mke wangu. Ndugu wakasema subirini, Mungu hachelewi. Mama yangu akataka tuchukue mtoto wa mdogo wangu, damu isipotee. Tukaenda Ustawi, halmashauri. Yule dada aliyetupokea aliuliza mambo ambayo sikuyategemea: mchana mtoto atakaa na nani, mkigombana mnagombanaje, upande wa mume wanajua? Akaja mpaka nyumbani, akaona chumba, akaongea na mjumbe na majirani. Tukapeleka cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa, vipimo vya afya, uthibitisho wa kipato, wadhamini. Hapo mtoto hatujamwona kwa macho. Wanaodhani unaingia kituoni na kuchagua kama nyanya sokoni, sahauni.

Kwanza tulikabidhiwa kwa malezi ya kambo. Yaani mtoto yuko kwako, unamwogesha, unaamka naye usiku, ila kisheria bado si wako, na afisa anapita kuangalia maendeleo. Kipindi kile kilikuwa kigumu kuliko mahakama yenyewe. Geti likigongwa, mama watoto anambeba mtoto kwanza ndipo anauliza ni nani.

Baadaye maombi yakaenda Mahakama Kuu. Jaji alitusikiliza chemba, si mbele ya watu, akapitia ripoti ya Ustawi, akamwita mtoto, mtoto akagoma kushuka mapajani. Amri ilipotoka tukaenda RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, akaingizwa kwenye rejista ya watoto walioasiliwa. Sasa cheti chake kina majina yetu, na shule hakuna anayetuuliza lolote.

Gharama: Ustawi hatukutoa hata mia. Aliyekula hela ni wakili. Ukiona mtu anakwambia lete milioni kadhaa upate mtoto wiki hii, huyo anauza binadamu, mkimbie.

Karibuni.

Shangazi wa Kirumba (Mwanza)

Mimi sikuasili. Mdogo wangu alifariki, akaacha binti ananyonya, nikambeba msibani na sikumshusha tena. Nani huwaza mahakama siku ya tatu ya msiba? Baba yake hakuonekana hata mazikoni.

Alionekana binti alipofika darasa la sita. Marehemu alikuwa muuguzi, kuna mafao yalikuwa yanafuatiliwa na kaka yetu aliyesimamia mirathi, sijui nani alimnong'oneza. Akaja na wajomba zake wawili, na soda kreti moja, eti amekuja kuchukua mwanawe. Mimi nina nini mkononi? Kadi ya kliniki yenye jina la mdogo wangu, basi. Nilikuwa nimemlipia ada miaka yote ila risiti haisemi wewe ni nani kwa mtoto.

Tukapelekana Ustawi. Namshukuru yule kaka wa pale, alimweka binti peke yake akamuuliza anataka nini. Halafu akatuelekeza Mahakama ya Watoto, ndugu anayemlea mtoto anaruhusiwa kuomba uangalizi. Nikapewa, na baba akapewa siku za kumtembelea. Amekuja mara moja. Mafao yalipoeleweka kuwa yanaingia akaunti ya mtoto, hamu ikamwisha.

Kwa hiyo wanaolea watoto wa ndugu, na ni wengi humu, msisubiri kreti ya soda.

Kichwabuta

Mnaongea karatasi karatasi. Sisi wa Kagera tulilelewa bila karatasi na tukakua. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walionekana kwetu mwaka 1983, na miaka ya tisini kulikuwa na nyumba ambazo kizazi cha kati chote kimeondoka, wamebaki bibi na wajukuu. Mngeenda Mahakama Kuu na watoto wangapi? Bibi yangu alilea wajukuu kutoka kwa watoto wake watatu kwa ndizi na maharage ya shamba lake, hakuna afisa aliyekuja kukagua chumba. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja.

Mzee wa Nkuhungu (Dodoma)

Mkuu Kichwabuta, bibi apewe heshima yake. Nikuulize tu, kibanja cha baba yenu, lile shamba la migomba, kiko kwa nani leo?

Kichwabuta

Umenigusa pabaya mkuu.

Kiko kwa baba mdogo. Bibi ndiye aliyekuwa anatusitiri. Alipofariki, kwenye kikao cha ukoo sisi tulikuwa watoto, hatukuwa na wa kutusemea. Walituambia mtapewa mkikua. Tumekua, migomba imeshapandwa mingine na nyumba ya bati imejengwa juu. Kaka yangu anataka kwenda baraza la ardhi, mimi sitaki kushtakiana na watu waliotuzikia wazazi.

Ila narudia, bibi asingetuchukua tungetawanywa. Watoto wa jirani walitawanywa, mmoja Karagwe, mmoja Geita, mmoja hajulikani.

Nilitoka Makao (Arusha)

Nasoma tangu jana, ngoja nami niandike. Nililelewa kituoni kuanzia utotoni mpaka nilipofikisha miaka 18. Kituo sikitaji, wapo walionilea kwa moyo.

Kula tulikula. Shule nzuri tulisoma, kuliko watoto wengi wa mtaani pale nje ya uzio. Nguo za mitumba za Ulaya hazikuisha. Wanaodhani kituoni ni njaa, kwetu haikuwa hivyo.

Kilichokuwa kinatuumiza ni watu kupita. Arusha na Moshi mnajua wanavyokuja vijana wa kizungu kujitolea, anakaa wiki kadhaa, anakufundisha wimbo, anakubeba mgongoni, analia siku ya kuondoka, anakwambia atarudi. Ukiwa mdogo unasubiri kweli. Kufika miaka minane tisa umeshajifunza, akija mpya unamchangamkia haraka kwa sababu ya peremende, na akiondoka unaenda kucheza mpira. Wageni walikuwa wanasema watoto hawa wana upendo, wanakumbatia mtu yeyote. Mimi leo ni baba wa mtoto mmoja. Wangu akimkumbatia mtu asiyemjua namna ile, ningeshtuka.

Na akina mama walezi walikuwa wanabadilika pia, zamu na mishahara midogo. Nilikuwa na mama mmoja niliyempenda, akaolewa akaenda Tabora.

Kitu kingine hakuna anayekifikiria: sikuwahi kuona mtu anapanga bajeti. Chakula kinatoka stoo, sabuni inatoka stoo. Nilipotoka na begi na godoro nikapanga chumba Ngarenaro, nilimaliza pesa ya mwezi mzima niliyopewa kwenye siku chache za mwanzo, nilikuwa sijui unga kilo ni bei gani. Wenzangu wengine waliingia mitaani, mmoja yuko jela, dada wawili walizaa ndani ya mwaka. Wapo pia mwalimu, dereva wa watalii na fundi umeme, na tunatafutana sikukuu kwa sababu hatuna pengine pa kwenda. Krismasi ndiyo siku ngumu. Kila mtu anauliza "unaenda kwenu lini?"

Wengi wetu hatukuwa yatima. Niligundua ukubwani kwamba nina mama mzazi, yuko hai, alikuwa ameshindwa tu kipindi kile, na hakuna aliyemfuata kumuuliza kama sasa anaweza.

Bint Mtoni (Unguja)

Pole sana mwanangu. Umeniliza.

Kwetu Zanzibar tuna sheria yetu ya mtoto, ya mwaka 2011, na ndani yake kafala imo, yaani kumlea mtoto wa mwengine kama wako bila kumpa jina lako. Sisi Waislamu kumpa mtoto ubini wetu hatuwezi, Qurani imesema waiteni kwa baba zao. Basi mtoto wetu anabaki na jina lake, tunamlea kama wetu, ila kwenye faradhi, mirathi ya Kiislamu, harithi. Watu wa bara wakisikia hivyo wanaona tunawabagua watoto. Siyo. Mume wangu kamwandikia wasia, unaruhusiwa mpaka thuluthi ya mali, na shamba la Mfenesini kampa hiba, zawadi kabisa akiwa hai, na mashahidi. Watoto wangapi wa kuzaliwa wameandikiwa kitu mzee akiwa na nguvu zake?

Tatizo letu lilikuwa jengine. Ni mwanamme, akibaleghe mie kwake ni ajinabi, mwanamke wa kando, nitavaa mtandio nyumbani kwangu mpaka lini? Alikuja mchanga, na dada yangu alikuwa ananyonyesha. Akamnyonyesha, zile mara tano za kushiba, ndani ya miaka miwili. Akawa mwanawe wa ziwa na mie nikawa khalati yake, mdogo wa mama kama wa damu. Sasa ana miaka kumi na tatu, anaingia jikoni anafunua masufuria kama yoyote.

Jina la baba yake halisi halijulikani, na shuleni walimu wanauliza. Hilo bado linatutaabisha.

Jamaa wa Makumbusho (Dar)

Mimi ni mwanaume, sijaoa na sina mpango, nina kazi na nyumba. Naweza kuasili?

Afisa Mstaafu

Nilifanya kazi Ustawi mpaka nilipostaafu, nijibu machache.

Kijana wa Makumbusho, sheria inataka mwombaji awe na miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto walau miaka 21. Mwanaume asiye na mke hafunguliwi mlango kirahisi, mpaka mahakama iridhike kuna sababu maalumu. Nimeona wachache wakipita, zaidi ni wajomba na kaka wa watoto wenyewe. Kama lengo lako ni mtoto kupata mtu, zungumza na Ustawi wakuambie njia nyingine zilizopo, ikiwemo kusomesha mtoto aliye kwa bibi yake. Hiyo haina picha nzuri ya kurusha mtandaoni lakini bibi atakushukuru.

Wanaouliza kuhusu shemeji zao wa Ulaya: mgeni lazima awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Haji na ndege akaondoka na mtoto.

Aliyeokota mtoto: polisi kwanza, hospitali, halafu Ustawi. Kumwokota hakukupi mtoto. Najua inauma.

Na mdogo wangu wa Arusha, ulichosema kuhusu mama yako ni kweli na kilitusumbua kazini. Wilaya ina maafisa wachache, gari hakuna, kituo kina mfadhili na kitanda. Kumfuata mzazi aliyehamia mkoa mwingine ilikuwa nauli ya mfukoni mwangu. Mtoto akishapata kitanda, faili linalala.

Mama Kibada (Dar)

Sisi ni familia ya kuaminika, tunapokea watoto kwa dharura. Hatuasili, tunakaa nao tu mpaka kwao kupatikane. Mara ya mwisho tulikuwa na binti aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani, wa miaka kumi na mbili, mikono ina makovu ya pasi. Hakuzungumza. Alikuwa anaficha mikate chini ya godoro, nikawa naikuta imeota ukungu, sikumgombeza, nikamwekea bakuli lake la maandazi chumbani, kila siku limejaa. Ikafika siku analisahau.

Babu yake alipatikana huko Iramba. Alikuja mwenyewe kumchukua, mzee wa watu na kofia yake, na kuku wawili wa kienyeji. Mume wangu alilia kuliko mimi. Wakati mwingine binti anapiga simu ya mwalimu wake, anasema tu "Mama, nipo".

Mwanafunzi wa Udom

Jamani mwambieni mtoto mapema. Mimi niliambiwa na binamu yangu kidato cha pili, tukigombania rimoti. "Wewe kwanza siyo wa hapa." Wazazi walikuwa wanangoja nikue. Nawapenda, ila nilikaa mwaka mzima nikikumbuka kila jambo la nyuma na kuliangalia upya, hadi zile picha za albamu zinazoanzia nikiwa natembea.

Mzee wa Nkuhungu (Dodoma)

Mwanafunzi, wetu anajua. Mke wangu humsimulia tangu hajui kuongea, kwamba tulikwenda kumfuata. Juzi kamwambia rafiki yake "mimi nilifuatwa kwa gari, wewe ulizaliwa tu".

Shangazi wa Kirumba (Mwanza)

🤣🤣 Huyo ni wakili mtarajiwa.

Swali kwa Nilitoka Makao, mwanangu. Kuna kijana hapa mtaani katoka kituo fulani, amefaulu kidato cha sita na anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo aende chuo. Fomu inataka cheti cha kifo cha mzazi kwa yatima. Yeye hajui hata kama walikufa. Wewe ulifanyaje?

Nilitoka Makao (Arusha)

Shangazi, mimi nilikwama hapo hapo. Aende Ustawi wa wilaya ambako kituo kipo, siyo anakoishi sasa, maana faili lake lipo kule. Aombe barua inayoeleza alivyoingia kituoni na kwamba wazazi hawajulikani, na kituo nacho kimwandikie ya kwake. Cheti cha kuzaliwa akihakiki RITA mapema, kama jina la kwenye cheti limepishana na la shule, hata herufi moja, arekebishe sasa kwa hati ya kiapo. Langu lilipishana. Dirisha lilifungwa nikiwa bado nazungushwa, nikaomba mwaka uliofuata.

Mpe namba yangu, nimekutumia inbox.