Subaru Impreza GC8 (injini ya EJ20 yenye turbo) inapandisha joto milimani kuelekea raundi ya Iringa

Mtafuta_Gripi, Mbeya: Wakuu, heshima kwenu. GC8 inaandaliwa kwa msimu wa rali ya taifa. Mjini geji inatulia katikati. Ikipanda mlima kwa gia ya pili na ya tatu kama dakika kumi, mshale unakaribia nyekundu. Ukiachia mafuta unashuka. Kulanti (maji ya kupoozea injini) haipungui. Ni hewa nyepesi ya huku juu, au ninunue rejeta kubwa?

Spana17: Mkuu, hewa inachangia, ila si kwa namna wengi wanavyodhani. Mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko Dar. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu, na joto linapungua nalo. Ya turbo (pampu inayoisukumia injini hewa) inaendelea kusukuma karibu nguvu ile ile, huku hewa ya kupooza rejeta imepungua.

Kabla ya rejeta, angalia kifuniko chake. Maji matupu huko Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima cha presha ya bar 1.1 kinapandisha hadi karibu 118. Springi ikilegea umerudi kwenye 94, yaani joto la kawaida la kazi. Kipimwe kwa pampu ya presha, usikiangalie kwa macho tu.

Mzee wa Mafinga: Naongezea. Barabara za misitu ya Mufindi zina vumbi na majani ya paini, na yanajaa kati ya kondensa ya AC (rejeta ya AC iliyo mbele) na rejeta, mahali usipopaona ukifungua boneti. Legeza rejeta, tenganisha, osha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi (vibati vyembamba vya rejeta), na yakishalala ndiyo basi. Kama AC haitumiki, toa kondensa kabisa. Kisha ziba mianya ya pembeni kwa bati jembamba au sponji ngumu, maana hewa hukwepa rejeta ikiona upenyo.

Thamostati (vali inayofungulia maji injini ikipata joto) nunua ya Subaru. Zile za bei chee nyingi umbo lake ni dogo na hazipitishi maji ya kutosha. Kwenye EJ inakaa chini, upande wa kuingilia pampu, kwa hiyo hosi ya chini ndiyo inayonyonywa. Ikiwa imelainika inabonyea kwenye mizunguko mikubwa, ukizima inarudi umbo lake, fundi anatafuta tatizo hadi jioni.

Spana17: Hosi ya chini, kweli kabisa. Kisha toa upepo (hewa iliyonaswa kwenye njia za maji): inua pua ya gari, hita iwe kwenye moto, fungua skrubu ya hewa juu ya rejeta, jaza taratibu mpaka yatoke maji bila mapovu. Hita ikipuliza baridi wakati mshale uko juu, bado kuna hewa ndani.

Mchanganyiko: kulanti asilimia 30 na maji yaliyosafishwa asilimia 70 inatosha hata baridi ya Kitulo. Nusu kwa nusu inabeba joto pungufu kuliko unavyotaka.

Mtafuta_Gripi: Na gasketi ya hedi (inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi)?

Mzee wa Mafinga: Ikianza kuvuja, mapovu yanaendelea kwenye tanki la akiba hata baada ya kutoa upepo, na hosi ya juu inakuwa ngumu ndani ya dakika chache tangu uwashe injini ya baridi. Yako inashuka ukiachia mafuta na kulanti haipungui, kwa hiyo anza na kifuniko, uchafu na hosi. Hedi isifunguliwe kwa kubahatisha.