Mdogo wangu kafungwa kitenge mlangoni mwa kanisa hapa Mtwara. Hicho ndicho "kiasi" cha kwenye Biblia?

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa kimya kimya, nyuzi zangu hazifiki tatu. Leo nimeshindwa kulala nalo. Mods, nawaomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "mabinti wa siku hizi na mavazi yao", maana huko nitaliwa mzimamzima kabla sijamaliza kueleza. Kanisa silitaji, dhehebu silitaji. Mkianza kubahatisha majina nitaomba maoni yafutwe. Walio Mtwara mjini wakitambua, basi wakae nalo.

Iko hivi. Nina mdogo wangu wa kike, miaka 19, yupo kwangu toka mwezi wa sita, katokea Newala. Msimu huu kapata kibarua cha kubangua korosho. Kwa wasioijua kazi hiyo: ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Upake majivu, upake mafuta ya kula, vidole vitakuwa vyeusi tu, ngozi itabanduka, na kucha utazionea aibu ukiwa unampa mtu mkono. Unalipwa kwa kilo ulizobangua. Kwa hela hiyo akajinunulia gauni la mtumba pale sokoni. La kijani, mikono mirefu, shingo imefunga. Akisimama linapita goti kwa vidole viwili. Akikaa linapanda mpaka gotini. Kosa lake lote ni hilo, hakuna lingine nililoficha.

Jumapili ya mavuno tukaenda wote, ibada ya pili. Mlangoni kulikuwa na wahudumu watatu: wawili wanagawa bahasha, wa tatu mama mtu mzima, ana cheo upande wa akina mama. Akamshika mdogo wangu begani, akamgeuza kama fundi anavyomgeuza mteja, akateremsha kiganja kutoka kiunoni hadi gotini. Kampima! Mbele ya vijana wa kwaya waliokuwa wamepanga mstari kusubiri kuingia. Kisha akapeleka mkono nyuma ya mlango, akatoa kitenge.

Nataka mkijue hicho kitenge. Cha zambarau iliyopauka, kina alama ya pasi, ile pembetatu ya kahawia, na kinanuka dawa ya nondo iliyochanganyika na jasho la wote waliowahi kufungwa. Kinakaa msumarini mwaka mzima. Kila muumini anakifahamu, kwa hiyo ukiingia umekivaa huna haja ya kutangazwa. Akafungwa, akaelekezwa benchi la mwisho, kando ya spika.

Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma nafunga kiatu cha mtoto. Nilipoinua kichwa mambo yalikuwa yamekwisha. Na nikanyamaza. Hilo ni langu, msinisaidie kulitetea.

Sasa ngojeni. Mahubiri yako katikati, akaingia mheshimiwa mmoja wa korosho na familia yake. Mahubiri yakasimama. Kwaya ikaombwa impokee. Vijana wawili wakainuliwa viti vya mbele ili wageni wakae. Mke wake alikuwa na gauni lenye mpasuo uliopanda juu ya goti kwa mbali, na dhahabu shingoni na masikioni. Hakuna aliyemtafutia kitenge. Wala simsemi vibaya mama wa watu, gauni lilimkaa na alikaa kwa adabu zake. Nasema tu kwamba macho ya mlangoni yalikuwa mazima saa nne, saa tano yakapofuka.

Zikaja sadaka za mavuno. Majina yakasomwa na viwango. Milioni mbili: vigelegele, watu wamesimama, "pokea baraka, baba!" Elfu hamsini: makofi ya adabu. Chini ya hapo ikasemwa "na wengine wote Bwana anawajua". Mdogo wangu alikuwa humo kwenye "wengine wote". Bahasha yake ilikuwa na elfu kumi. Mnaobangua mnajua hizo ni kilo ngapi.

Mtaani wanasema mheshimiwa huyo mtaji wake wa kwanza ulikuwa kangomba, wa kuja kijijini miezi ya njaa na kukopesha, msimu ukifika anachukua korosho za watu kwa bakuli lake. Sikuwepo, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba mlangoni hakuna aliyemuuliza bakuli lake lina ukubwa gani.

Jumanne nikaenda kwa mzee wa kanisa, nimejifunga vizuri na nimejiandaa kuongea kwa heshima. Kabla sijamaliza salamu akafungua 1 Timotheo 2:9, "wanawake na wajipambe kwa mavazi ya kujisitiri, pamoja na adabu nzuri, na moyo wa kiasi", akafunga Biblia. Nikamwambia baba, naomba umalizie, mstari haujaisha. Unaendelea: "si kwa kusuka nywele, wala kwa dhahabu na lulu, wala kwa nguo za thamani."

Wakuu, goti liko wapi hapo? Paulo kataja misuko, dhahabu, lulu na nguo za bei mbaya. Hivyo ni vitu vya mwenye nacho. Makanisa yale ya kwanza yalikutana majumbani, tajiri na mtumwa chumba kimoja. Mwenye nacho akiingia na dhahabu kwenye nywele, yule mwingine anajikunja pembeni. Yakobo sura ya 2 anaieleza picha hiyo hiyo kama vile alikuwa amekaa na sisi Jumapili: mwenye pete ya dhahabu anaambiwa aketi mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame kule. Ila kwetu mstari uliomlenga tajiri umepinduliwa ukamwangukia mbangua korosho. Yule mama aliyempima mdogo wangu, siku hiyo alikuwa kasuka twende kilioni na ana herini za dhahabu. Tukifuata maandishi neno kwa neno, yeye angebaki nje, na mimi na rasta zangu ningekuwa pembeni yake, tunapiga stori.

Na kuna hili, kanionyesha shemeji yangu aliyesoma chuo cha Biblia. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo mavazi "ya kujisitiri" ni kosmios. Neno hilo hilo linarudi sura inayofuata, 3:2, likielezea askofu anavyotakiwa kuwa. Biblia yetu pale imeandika "mtu wa utaratibu". Kwa hiyo sifa ile ile anayodaiwa binti kwenye gauni, kiongozi anadaiwa kwenye mwenendo wake wote. Sijawahi kuona mzee wa kanisa anapimwa mlangoni kama ana utaratibu. Na ukirudi nyuma mstari mmoja tu, 2:8, wameanza kutajwa wanaume: wasalishe "pasipo hasira wala majadiliano". Wanawake wanakuja baada ya hapo, kwa "vivyo hivyo". Mnaanzaje kusoma kwenye "vivyo hivyo"?

Mzee akanisikiliza, akasema, "Binti yangu, una kiburi. Kiasi ni pamoja na kunyamaza." Nikapandisha sauti. Hapo nilikosea, yule ni sawa na baba yangu, na jioni nilimpigia kuomba radhi kwa kumpandishia sauti. Kwa yale niliyoyasema sikuomba.

Akaongeza hoja nyingine: vijana wanakwazika. Sawa. Mathayo 5:28-29 Yesu kamtaja mwanamume anayemtazama mwanamke kwa kumtamani, na dawa aliyotoa ni kali kweli, ya kung'oa jicho. Jicho la mtazamaji. Msumari wa kitenge haumo.

Msije mkasema natetea watu waje kanisani uchi. Mimi mwenyewe nguo fupi sivai, na mwanangu akikua nitamfundisha kujisitiri. Mwili una heshima yake, ndiyo maana Mwanzo 3:21 Mungu mwenyewe aliwafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, akawavika. Aliwavika wakiwa wawili, hapakuwa na kwaya imepanga mstari.

Na sisi wa kusini tusijifanye hatujui namna ya kumfunza binti. Unyago tumeukuta. Mwali anafundwa ndani na kungwi, mwanamume hasogei. Akikosea anasemwa humo humo, anatandikwa maneno makali humo humo. Siku ya kutoka anatoka kaoga, kapakwa mafuta, kavaa mpya, watu wanamtunza. Maneno makali yanabaki ndani, nje ni vigelegele. Hata Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Anglikana kule Masasi kuanzia 1926, aliliingiza jando kwenye utaratibu wa kanisa badala ya kulipiga marufuku. Mzungu huyo unaweza kubishana naye kwa mengi, lakini hapo aliona kwamba watu hawa wana shule yao ya adabu. Sisi wajukuu ndio tumeifunga shule tukapigilia msumari nyuma ya mlango.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa Mmakonde hasa, chale uso mzima, na mdomo wa juu tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni. Alibatizwa ukubwani. Chale haziondoki kwa maji ya ubatizo, akaenda nazo kupokea meza ya Bwana mpaka anakufa, kaniki yake kiunoni, na hakuna padri aliyemwambia afunike uso. Huyu mdogo wangu ndiye anayefanana naye kuliko sisi wote, hasa akinuna.

Nisiache hili. Wapo waliosema "Waislamu watatucheka, wao mabinti zao wanajistiri". Jirani yangu ni mama wa Kiislamu, tunachota maji bomba moja. Mdogo wangu alivyorudi analia, yeye ndiye aliyetoka kumpokea, akamkalisha kwenye mkeka, akampa maji. Akaniuliza kwa upole, "Sasa mama, huyu kafanya nini?" Nikamwelezea. Akatazama gauni, akanitazama, hakucheka. Akasema "poleni" akaingia ndani akaleta mihogo.

Ninachotaka si kikubwa. Kile kitenge kitolewe msumarini. Mkiona binti ana nguo isiyofaa, mama mmoja mwenye busara amfuate nyumbani Jumatatu, akae naye jikoni, waongee. Na viwango vya sadaka acheni kusoma. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume, nyie mmeuwekea spika. Kanisa zima limeelewa kiasi kuwa ni urefu wa sketi, wakati kiasi kwa Kiswahili chetu hiki hiki ni kipimo, na kipimo kikishatolewa kinatakiwa kipite kwa wote, kuanzia waliokaa viti vya mbele.

Nawasilisha. Matusi sitajibu.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Nimesoma maoni yenu. Kuna mkuu kaandika "mdogo wako angejua anaenda kanisani angevaa kikanisa, acha kulea". Mkuu, hilo ndilo gauni lake la kanisani. Lingine alilonalo ndilo la kubangulia, linanuka mafuta ya ganda hata likifuliwa mara tatu.

Kuna dada wa Lindi kasema kwao wana kapu la khanga safi karibu na mlango, kwa yeyote anayehitaji, wazee wakisikia baridi, wenye kunyonyesha, na anayejisikia kujifunga anajichukulia mwenyewe bila kuulizwa. Dada, asante. Hilo naliafiki, nitalipeleka, kama wataniacha niongee.

Na wanaouliza kama amerudi kanisani: bado, Jumapili mbili sasa. Anasali chumbani, namsikia kupitia ukutani. Jana nimemkuta kakaa mlangoni na wembe anafumua pindo la lile gauni. Nikamwambia acha, usiharibu nguo yako kwa ajili ya watu wale. Akasema, "Si kwa ajili yao dada. Hata siku naijaribu kule sokoni niliona inapanda nikikaa, sikuipenda. Nilitaka kuishusha nikipata hela ya fundi." Pindo limetoa kitambaa cha kidole kimoja tu. Kwa hiyo anayemjua fundi mzuri huku Magomeni au Chikongola, anayeweza kuunga kipande cha kijani bila kuonekana kiraka, anitumie ujumbe.