Je, kuna faida ya kulipia nafasi ya gari la umeme ambalo halijafika?

Mkazi wa Milimani, Nakuru:
Ndugu zangu, muuzaji mmoja ananitaka niweke amana ili nitengewe gari jipya la umeme. Fedha hizo zitakaa kwake bila riba, ilhali zingebaki kwenye Sacco ningepata gawio. Je, ninanunua nini hasa zaidi ya nafasi kwenye foleni?

Jibu kutoka Kisumu:
Hununui kingine, ndugu, na ndiyo maana masharti ya kurejeshewa ni muhimu kuliko gari lenyewe. Mwaka 2016 Tesla ilipokea dola 1,000 za kurudishwa kwa kila aliyehifadhi Model 3, na magari ya kwanza yakakabidhiwa Julai 2017. Lakini Roadster mpya, gari jingine la Tesla lililotangazwa mwaka 2017 kwa ahadi ya 2020, haikufika kwa wakati. Fisker, kampuni nyingine ya magari ya umeme, nayo iliomba kinga ya kufilisika Juni 2024. Amana ni mkopo unaompa muuzaji, tena usio na dhamana.

Jibu kutoka Kericho:
Uliza pia kama usukani uko kulia, na udhamini wa betri utatekelezwa na nani hapa nchini. Jaribu gari la aina hiyo kwenye mwinuko wa Mau Summit, kwa kuwa mlima hula chaji.

Muulizaji:
Asanteni. Fomu inasema amana itarejeshwa “kwa hiari ya muuzaji”. Kipengele hicho kisipobadilishwa, sitatoa hata shilingi.