Mboga za kilimo hai kwa kipato kidogo: mnaanzia wapi?

MamaPacha
Habari zenu wapendwa. Nina watoto wawili wa miaka minne, na nyumba nzima tunategemea mshahara mmoja. Tangu mwaka jana najitahidi kununua mboga na matunda ya kilimo hai tu, yaani yaliyolimwa bila dawa wala mbolea za viwandani, lakini bei zake zinanielemea. Mwezi ukifika katikati, pesa ya sokoni imekata, na wanangu wanakaa bila matunda mpaka mshahara uingie. Sitaki kuwalisha dawa za mashambani, na wala sitaki wapungukiwe. Wenye kipato kama changu, mnafanyaje?

Kibustani
Mboga za majani panda mwenyewe, dada. Ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, udongo, samadi iliyooza vizuri, na jua la kutosha. Chuma majani ya nje, uache moyo, nayo itaendelea kuchipua.

Mkulima_wa_Mabondeni
MamaPacha, hongera kwa kujali. Mimi nalima mboga na kuziuza, kwa hiyo nakujibu nikiwa upande wa pili wa meza.

La kwanza ni hilo la watoto kukaa bila matunda. Hilo lisimame leo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, na halikuweka sharti kwamba ziwe za kilimo hai. Tunda la kawaida lililooshwa vizuri linamfaa mtoto kuliko tunda la kilimo hai ambalo halipo mezani.

Baada ya hapo, gawa pesa yako kwa kuangalia ganda. Tunda unalomenya, kama nanasi, parachichi au papai, nunua la kawaida bila wasiwasi, na vitunguu pia. Ile nyongeza ya bei itunzie vitu vinavyoliwa na ngozi yake au majani yake: stroberi, spinachi, matufaha, zabibu. Vitu hivyo ndivyo mara nyingi hukutwa na mabaki ya viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu na magonjwa ya mimea. Na biskuti zenye nembo ya kilimo hai ziache dukani. Sukari ni sukari.

Sasa suala la nembo, ambalo linanigusa. Nembo ya kilimo hai hutolewa kwa mwenye cheti, na cheti kina gharama: ada ya ukaguzi kila mwaka, kumbukumbu za kila ulichoweka shambani, na muda wa kusubiri. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, shamba la mazao ya msimu husubiri miaka 2 kabla ya kupandwa zao litakalouzwa kama la kilimo hai, na Marekani shamba lisiwe limetiwa dawa zilizokatazwa kwa miaka 3 kabla ya mavuno. Kipindi hicho chote mkulima analima kwa masharti ya kilimo hai lakini anauza kama mtu mwingine yeyote. Wapo pia wanaolima hivyo maisha yao yote na cheti hawatakipata, kwa sababu shamba ni dogo. Hao ndio wa kuwatafuta, maana bei yao haijabeba gharama ya karatasi.

Utawajuaje? Usiangalie matobo kwenye majani. Mtu anaweza kupulizia dawa kali baada ya viwavi kutoboa, na matobo yakabaki palepale. Zungumza naye. Muulize vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, anawaondoaje. Anayelima kweli bila dawa za viwandani atakueleza mpaka uchoke: ananyunyizia maji ya sabuni asubuhi, anang'oa miche iliyozidiwa, msimu fulani tuta zima liliteketea. Akikwambia "kwangu hakuna wadudu", nenda meza inayofuata. Na akikutajia dawa ya maua ya pareto au salfa (kiberiti), usishtuke, zinaruhusiwa katika kilimo hai. Kilimo hai hakina maana ya kutopulizia kitu chochote.

Ukishampata, mwombe yale mazao madogo madogo au yaliyopinda. Sisi hayo tunayashusha bei kwa furaha, kwa sababu jioni tusipoyauza tunayabeba kuyarudisha nyumbani.

Msafi
Naongezea kwenye kuosha. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliloweka matufaha kwenye maji yenye soda ya kuokea, gramu 10 kwa lita, kwa dakika 12 hadi 15. Mabaki ya dawa mbili walizozipima yaliondoka zaidi juu ya ganda kuliko kwa maji matupu. Yaliyokwisha kupenya ndani hayakutoka, kwa hiyo kama bado una hofu, menya. Kabichi toa majani ya nje. Sabuni ya vyombo usitumie kabisa, matunda na mboga huinyonya.

MamaPacha
Asanteni sana, hasa Mkulima. Matunda nanunua kesho. Swali moja: kwenye duka kubwa hakuna wa kuzungumza naye, na wakati mwingine matunda yamechanganywa. Nishike nini?

Mkulima_wa_Mabondeni
Tazama kibandiko kwenye tunda lenyewe. Namba yenye tarakimu tano inayoanza na 9 ni ya kilimo hai. Tarakimu nne zinazoanza na 3 au 4 ni za kawaida. Namba hizo ni za hiari, hivyo tunda lisilo na kibandiko halikwambii lolote. Hapo tafuta nembo ya cheti kwenye kasha, na kama haipo, lipa bei ya kawaida tu.