Paketi nzuri, dagaa wa njano: ninunue plastiki gani?

MamaShani_Kibirizi:

Wadau, hodi humu. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, mwaka wa tisa sasa. Zamani nilikuwa napeleka kwa magunia tu: unashindilia, unashona, unapakia, huko Dar mtu anakupokelea. Ziwa Tanganyika lilipofungwa wasivue miezi mitatu mwaka 2024, ndipo nikaona wenzangu waliokuwa na akiba iliyofungashwa wanavyouza kwa raha zao, mimi nimekaa barazani nahesabu mitumbwi iliyopandishwa mchangani. Nikasema na mimi nifungashe.

Nikaagiza Kariakoo paketi za gramu 250, zile za kusimama, kaki kwa nje, zipu juu, kidirisha mbele ili mteja aone mali. Shilingi 480 kila moja, nikachukua 500 kwa mpigo. Nzuri mpaka binti yangu akaanza kuzipiga picha. Ndani nikatia na vile vipakiti vyeupe vya chembechembe, kama vya kwenye boksi la viatu vipya, nikasili, yaani nikaziba mdomo kwa moto, kwa mashine ya mkono.

Wiki ya saba mteja wa Dar ananipigia: "Mama, hawa dagaa wamekuwaje?" Nikafungua zilizobaki kwangu. Dagaa waliolala nyuma ya kaki bado wana ule weupe wao wa fedha. Waliokaa dirishani ni wa njano kama wamepakwa mawese. Ukungu hamna, wakavu, wanavunjika kwa kidole. Lakini harufu ni ya mafuta ya maandazi yaliyorudiwa siku kumi, na ukitafuna kuna uchungu unabaki kooni.

Nimemuuliza muuzaji wa paketi, jibu lake: "Hizo ni fudi gredi, mama." Sawa, lakini zimetengenezwa kwa nini? Hajui. Nimebaki na paketi tupu 310. Ninunue plastiki gani? Na msiniambie nirudi kwenye gunia.

kijana_wa_Ujiji:

Shikamoo mama. Kwani plastiki si zilipigwa marufuku? NEMC, wale wa mazingira, wasije wakakukuta bure.

FundiPaketi_TBR:

Kijana, marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 ni ya mifuko ya kubebea, ile rambo. Kifungashio cha bidhaa ya chakula hakimo. Tusimtie mama presha.

Mama Shani, pole. Nilifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha vifungashio Dar, sasa nipo Tabora nawafungashia watu asali na karanga, na karanga ndizo zilizonifundisha hili lako. Dagaa mkavu ana maadui wawili na wewe umepigana na mmoja. Unyevu umeushinda, ndiyo maana hakuna ukungu. Kilichokuangusha ni hewa. Oksijeni inaharibu mafuta ya samaki, na mwanga unaiharakishia kazi. Wa dirishani wametangulia tu, wale wa nyuma wangefuata. Hivyo vipakiti vyeupe ni silika, vinakunywa maji, oksijeni haviigusi kabisa.

Sasa plastiki zenyewe. Polithini, ile laini isiyolia ukiikunja, inazuia unyevu vizuri na inasili kwa moto mdogo. Lakini oksijeni inaipenya mchana na usiku hata kama haina tundu. Hili watu hawaliamini mpaka liwakute. Polipropilini, ile inayochakacha kama ganda la biskuti, ni ng'avu na kwa unyevu iko vizuri, ila kwa hewa usiitegemee. Poliesta na nailoni ndizo zinazobana hewa. Nailoni ina sifa nyingine unayoihitaji: haitoboki ovyo, na dagaa wana vichwa na miba. Tatizo, nailoni yenyewe inanyonya unyevu, na poliesta haishikani kwa mashine yako ya mkono. Ndiyo maana kiwandani wanazigandisha tabaka kwa tabaka, ngumu nje, polithini ndani ya kusilia. Ukitaka kuziba hewa, unyevu na mwanga kwa pamoja, katikati wanaweka foili ya alumini. Foili yenyewe, si ile plastiki iliyopigwa rangi ya kung'aa tu. Ile inasaidia, lakini haifikii foili.

"Fudi gredi" maana yake plastiki haitakutilia kitu kibaya kwenye chakula. Kuhusu hewa haisemi neno. Muulize muuzaji tabaka zipi na unene maikroni ngapi (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), kila tabaka. Asiyejua akupe karatasi ya kiwanda. Akikosa na hiyo, tembea.

Halafu kuna mtu atakuja kukwambia ununue mashine ya kunyonya hewa. Ukinyonya hewa, miba inachoma mfuko kutoka ndani. Na kama dagaa hawajakauka sawasawa ni hatari zaidi, kuna vijidudu vya sumu vinavyostawi pasipo hewa na pua haivijui.

Kabla hujatoa hata mia: chukua paketi ulizosili, zamisha kwenye ndoo ya maji, bonyeza. Uje utuambie.

BintiMuhogo_Kasulu:

Fundi, na wewe usimpeleke mama kwenye foili kama anayekwenda mwezini. Mimi nafungasha unga wa muhogo kwa polithini nene tu, mwaka wa nne, na sijarudishiwa hata kilo moja. Unga wangu hauna mafuta, najua, lakini pia hauvuki mwezi dukani. Mama, dagaa wako wanakaa siku ngapi kabla ya kuliwa? Anza hapo. Kuna watu wananunua paketi ya bei ya miezi kumi na miwili kwa mali inayoisha Ijumaa.

MamaShani_Kibirizi:

Marahaba kijana. Fundi, nimezamisha paketi 20. Saba zimetoa mapovu, na zote pale pale, pembeni kwenye kona ya juu. Nimekata zile kona nikaziangalia juani: kwenye mstari wa kusilia kuna magamba na ule unga wa vichwa umenasa, na moto ukapita juu yake. Kumbe kosa moja ni la plastiki na lingine ni la mkono wangu. Nilikuwa namimina kwa kikombe na vumbi lote linapanda mdomoni mwa paketi. Sasa dagaa tunawapepeta kwanza, tunamimina kwa faneli ya dumu tuliyoikata, halafu Shani anafuta mdomo wa paketi kwa kitambaa kikavu ndipo tunasili, mistari miwili. Zipu nilikuwa naiamini, kumbe inamsaidia mteja akishafungua tu.

Jingine nimeligundua mwenyewe. Tulikuwa tunafungasha dagaa wakitoka chanjani, wa moto. Ukisili hivyo, kesho yake ndani kuna jasho. Sasa wanapoa kivulini kwanza.

BintiMuhogo, swali lako limenifanya nikae chini. Wa hapa Kigoma mjini wananunua leo wanakaanga leo. Kwa hiyo zile 310 za dirisha zinakwenda soko la Mwanga na maduka ya karibu, na kwenye stika naandika wiki tatu tu. Za Dar nimechukua za foili 100, shilingi 650 moja. Wateja wananung'unika hawaoni dagaa, basi nimebandika picha.

Kumi katika hizo nimeziweka chini ya bati, penye joto kuliko kwingine nyumbani, nafungua moja kila wiki mbili. Leo ni ya tatu. Shani amewakaanga na nyanya na kitunguu, nikamwita jirani bila kumwambia ni wa lini. Amemaliza sahani, ameuliza kama wamebaki. Tarehe ya mwisho kwenye stika ya foili siandiki mpaka nimefungua zote kumi.

kijana_wa_Ujiji:

Mama, mimi hizo za foili ziniwie radhi. Robo kilo bila paketi bei gani?

MamaShani_Kibirizi:

Wewe uko Ujiji. Njoo na bakuli.